MASHINE, LUGHA NA MWANADAMU: HISTORIA YA TAFSIRI KWA KOMPYUTA NA SWALI LA HERI AU SHARI

1. Utangulizi

Swali kama maendeleo ya mashine zinazofikiri, au zinazodaiwa kufikiri, yatamletea mwanadamu heri au shari limekuwa gumzo la walimwengu tangu Novemba 2022, wakati programu ya kwanza ya mazungumzo ya aina ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Wapo wanaoiona mashine hiyo kuwa mwanzo wa neema isiyo na kifani. Wapo pia wanaoiona kuwa mwanzo wa mwisho wa mwanadamu. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba jambo hili halina jana, nalo lina jana ya zaidi ya miaka sabini.

Nia ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, na kupitia tawi moja tu, yaani tafsiri kwa mashine. Tumelichagua tawi hili kwa sababu tatu. Kwanza, ni miongoni mwa kazi za awali kabisa ambazo kompyuta ilipewa nje ya uwanja wa hesabu. Pili, kumbukumbu zake ni kamili kiasi cha kutuwezesha kupima ahadi zilizotolewa kwa matokeo yaliyopatikana. Tatu, ni tawi la lugha, na kwa hiyo mwanaisimu hawezi kudai kwamba hukumu yake ni kazi ya wahandisi peke yao.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tuseme neno juu ya istilahi. Kiswahili cha leo kina angalau majina matatu ya dhana hii: akili bandia, akili unde na akili mnemba, hili la mwisho likitumika zaidi Tanzania. Neno bandia katika matumizi ya kila siku lina harufu ya udanganyifu: twasema noti bandia na dawa bandia. Atumiaye istilahi hiyo amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Neno unde, litokanalo na kitenzi unda, lashikilia tu kwamba kitu hicho kimetengenezwa na mtu, kama jahazi linavyoundwa na fundi, bila ya kusema kama ni cha kweli au cha uongo. Kwa sababu hiyo tutatumia akili unde. Jina la Kiingereza lenyewe, ikumbukwe, lilibuniwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955 katika maombi ya fedha za kugharimia mkutano uliofanyika katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Jina hilo basi lilizaliwa likiwa na kazi ya kumshawishi mfadhili, na yapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

2. Chimbuko: kutoka vita hadi tafsiri

Kompyuta za kwanza zilikua katika mazingira ya Vita Vikuu vya Pili, na sehemu moja ya kazi yake ilikuwa kufumbua maandishi ya siri ya adui. Alan Turing, aliyefanya kazi hiyo huko Bletchley Park, Uingereza, ndiye aliyeuliza mwaka 1950, katika jarida la falsafa liitwalo Mind, iwapo mashine zaweza kufikiri. Alipoona kwamba neno kufikiri halina mipaka iliyo wazi, alipendekeza badala yake jaribio: mtu azungumze kwa maandishi na asiyemwona, na ikiwa hawezi kubainisha kama ni mtu au mashine, basi ubishi juu ya kufikiri hauna haja. Tangu mwanzo, lugha ndiyo iliyofanywa mizani ya akili.

Wazo la kutafsiri kwa kompyuta nalo lilitokana na kazi hiyo hiyo ya kufumbua siri. Warren Weaver, mwanahisabati aliyekuwa afisa wa shirika la Rockefeller Foundation, alimwandikia Norbert Wiener mwaka 1947 akimuuliza kama matini ya Kirusi haiwezi kutazamwa kuwa matini ya Kiingereza iliyofichwa kwa alama ngeni. Wiener, ambaye alijua lugha kadhaa, hakuridhika. Alijibu kwamba mipaka ya maneno katika lugha mbalimbali haiko wazi kiasi cha kuruhusu kazi hiyo ifanywe na mashine. Weaver hakukata tamaa, na Julai 1949 alitoa waraka uliowasukuma wataalamu wengi kuanza utafiti.

Mfano wa Weaver una kasoro ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu aweza kuiona: unachukulia kwamba Kiingereza ndicho maana yenyewe, na kwamba lugha nyingine ni mafumbo yake. Kasoro hiyo haikuwa ya kiufundi tu. Ilikuwa ni mtazamo juu ya ulimwengu. Hata hivyo, haitakuwa haki kumwacha Weaver hapo. Waraka wake ulikuwa na wazo jingine lililokuja kuzaa matunda baada ya miongo mingi. Alisema kwamba tukiliangalia neno moja kupitia tundu dogo, hatuwezi kujua maana yake. Lakini tundu likipanuliwa ili tuone na maneno ya jirani, upande wa kulia na wa kushoto, maana hujitokeza. Tutalirudia wazo hili.

3. Ahadi na anguko, 1954 hadi 1966

Mnamo 7 Januari 1954, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walifanya maonyesho ya hadhara mjini New York. Mashine aina ya IBM 701 ilitafsiri zaidi ya sentensi 60 za Kirusi kwa Kiingereza. Msamiati wake ulikuwa wa maneno 250 na sarufi yake ya kanuni 6. Sentensi zilikuwa zimechaguliwa kwa uangalifu ili zisitoke nje ya maneno na kanuni hizo. Léon Dostert, aliyeongoza upande wa chuo, alitabiri kwamba katika muda wa miaka mitano, pengine hata mitatu, tafsiri ya mashine katika nyanja muhimu za lugha kadhaa ingekuwa jambo la kawaida. Serikali ya Marekani, iliyokuwa katika vita baridi na Urusi na yenye kiu ya kusoma majarida ya sayansi ya Kirusi, ilifungua mifuko yake.

Miongoni mwa waliojitosa mapema alikuwamo Yehoshua Bar-Hillel, mwanafalsafa wa lugha kutoka Jerusalem, aliyeajiriwa katika taasisi ya MIT mwaka 1951 kushughulikia kazi hii peke yake. Bar-Hillel huyu huyu ndiye aliyekuja kuwa mkosoaji mkali. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1960, alidai kwamba tafsiri bora isiyohitaji mkono wa mtu haiwezekani kabisa. Hoja yake ilisimama juu ya sentensi fupi yenye neno la Kiingereza ambalo lina maana ya kalamu na pia ya kizimba cha kuchezea mtoto mdogo. Sentensi ilisema kwamba sanduku la mtoto limo ndani ya kitu hicho. Msikilizaji huelewa mara moja kuwa ni kizimba, kwa kuwa anajua ukubwa wa sanduku na ukubwa wa kalamu. Ujuzi huo haumo katika sarufi wala katika kamusi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuazima mfano. Mtu akisema, "Nenda kwa jirani uniletee mbuzi, wali wa nazi utachelewa," hakuna mtoto wa pwani atakayerudi akiburura mnyama kwa kamba. Atarudi na kibao cha kukunia nazi. Sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kutatua utata wa aina hii, kwani mbuzi huyu ni mnyama na mbuzi hii ni chombo. Lakini katika sentensi tuliyoitaja hakuna upatanisho wowote wa kutusaidia. Kinachotusaidia ni kujua jinsi wali wa nazi unavyopikwa. Bar-Hillel aliuliza: ni nani atakayeweza kuipa mashine maarifa yote ya jikoni, shambani, baharini na mahakamani?

Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliunda kamati ya kuchunguza jambo hili chini ya uenyekiti wa John R. Pierce. Ripoti yake, ijulikanayo kwa kifupi ALPAC, ilitolewa Novemba 1966. Ilisema kwamba tafsiri ya mashine ilikuwa ya polepole zaidi, yenye makosa zaidi na ya gharama maradufu kuliko ya mfasiri wa kibinadamu. Dola milioni 20 hivi zilikuwa zimekwisha kutumika. Fedha zikakatwa, na utafiti huu ukadorora Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka mitatu ya Dostert ilikuwa imepita mara nne.

4. Sauti mbili za onyo

Katika kipindi hicho hicho palitokea maonyo mawili ambayo, kwa maoni yetu, yana uzito kuliko utabiri wote wa wakati ule.

Onyo la kwanza ni la Norbert Wiener. Mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari Marekani, akimtahadharisha kwamba mashine zinazojiendesha zingekuja kuwanyang'anya wafanyakazi ajira. Mwaka 1960, katika jarida la Science, alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba tukikabidhi kazi kwa mashine ambayo hatuwezi kuizuia kwa wakati kwa sababu inafanya mambo kwa kasi kutushinda, basi ni lazima tuwe na hakika kwamba lengo tulilolitia ndani yake ndilo hasa tunalolitaka. Katika maandishi yake alipenda kutumia hadithi ya mvuvi na jini wa chupani, ambayo wasomaji wetu wanaijua kutoka Alfu Lela Ulela, pamoja na visa vingine vya watu walioomba jambo wakapewa walichokitamka badala ya walichokikusudia. Yafaa kuangalia kwamba onyo hili halitegemei dai lolote la kwamba mashine ina roho, chuki au tamaa. Linategemea mambo mawili tu: kasi ya mashine na uzembe wa anayeiagiza. Nalo, kwa msingi wake, ni onyo la kiisimu, kwa kuwa lahusu pengo lililopo kati ya kauli na kusudio.

Onyo la pili ni la Joseph Weizenbaum, mzaliwa wa Berlin aliyekimbilia Marekani na familia yake mwaka 1936 kutokana na utawala wa Hitler. Mwaka 1966, akiwa MIT, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, kwa jina la mhusika wa tamthilia ya Bernard Shaw. Programu hiyo ilimwigiza tabibu wa maradhi ya nafsi. Ufundi wake ulikuwa mdogo mno: ilitafuta maneno fulani katika kauli ya mtu, ikabadili nafsi ya kwanza kuwa ya pili, ikamrudishia mtu kauli yake kwa sura ya swali. Mtu akisema kwamba mama yake anamchukia, mashine humwomba aeleze zaidi habari za jamaa zake. Haikuelewa chochote. Pamoja na hayo, Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiifungulia nyoyo zao. Hata karani wake, aliyeshuhudia programu hiyo ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kitabu alichokitoa mwaka 1976 kilijenga hoja kwamba zipo kazi ambazo mashine haistahili kupewa hata ikiwa inaziweza, kazi zinazohitaji huruma na hekima, kama vile za hakimu na za tabibu.

Wiener basi alituonya juu ya mwagizaji wa mashine, na Weizenbaum akatuonya juu ya msomaji wake. Mwanadamu akiona sentensi iliyopangika vizuri hudhani kwamba nyuma yake pana mtu. Tabia hii ni ya maumbile yake ya kijamii, na elimu peke yake haiiondoi.

5. Kutoka kanuni hadi wingi wa matini

Ufufuo wa tafsiri ya mashine ulikuja kwa mlango ambao wanaisimu hawakuutazamia. Kuanzia mwaka 1988 watafiti wa IBM walianza kuziacha kanuni za sarufi na kutumia hesabu za uwezekano. Walichukua kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo huchapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa, wakaiacha mashine ihesabu ni neno lipi la upande mmoja huandamana na lipi la upande wa pili. Mwaka 2006 Google ilifungua huduma yake ya tafsiri kwa njia hiyo ya takwimu, na Kiswahili kikaingizwa mwaka 2009. Mwaka 2016 huduma hiyo ilianza kuhamia kwenye mitandao ya neva ya kompyuta, na mwaka 2017 ukabuniwa muundo uitwao transfoma, ambao ndio msingi wa programu za mazungumzo za leo.

Katika mitandao hiyo kila neno, au kipande cha neno, hugeuzwa kuwa safu ndefu ya tarakimu, na tarakimu hizo hurekebishwa mara nyingi mno hadi ziweze kukisia neno linalofuata katika matini. Maneno yanayotokea katika mazingira yanayofanana hupata tarakimu zinazokaribiana. Kwa njia hii tundu la Weaver limepanuliwa kutoka maneno mawili matatu hadi kurasa nyingi. Matokeo yake ni kwamba mashine ya leo mara nyingi huweza kutofautisha kalamu na kizimba, na mbuzi wa zizini na mbuzi ya nazi, bila ya kuwahi kuingia jikoni. Imepata kwa wingi wa matini kile ambacho Bar-Hillel alisema hakiwezi kupatikana.

Hapa pana funzo kwa pande zote mbili za mjadala. Waliotabiri ushindi wa haraka, kama Dostert, walikosea kwa miongo. Waliosema haiwezekani kamwe nao walikosea. Kwa hiyo mwanaisimu anayejiliwaza leo kwa kusema kwamba mashine haitaweza kamwe kuelewa methali, mafumbo au ushairi wetu, anajenga nyumba juu ya mchanga uliokwisha kuporomoka mara moja. Yatubidi tuwe na hoja ambayo itasimama hata kama mashine itazidi kuwa hodari.

6. Kiswahili ndani ya mashine

Historia yetu wenyewe inatupa msingi wa hoja hiyo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji. Faida za uamuzi huo hazina ubishi: vitabu vya shule viliweza kuchapwa kwa wingi na kusomwa kutoka Lamu hadi Kigoma. Hasara zake pia zinajulikana. Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, kiliwekwa kando, na lahaja nyingine zikaanza kuhesabiwa kuwa makosa. Waliokuwa na mamlaka ya kuamua matini yapi yachapwe ndio walioamua Kiswahili ni kipi. Mashine ya uchapaji yenyewe haikuwa na chuki na Kimvita. Ilitekeleza uamuzi wa wenye kuimiliki.

Akili unde yaurudia mchakato huo kwa kasi kubwa zaidi. Kiswahili cha mashine ni wastani wa matini yaliyokusanywa, na mkusanyaji ndiye mwenye neno la mwisho. Inafaa kutaja kwamba kazi ya kukichanganua Kiswahili kwa kompyuta ilianza mapema na kwa heshima kamili ya sarufi yake. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, iliyoweza kutambua kwamba hawakutuandikia ni neno lenye viambajengo saba: ha-wa-ku-tu-andik-i-a. Kutokana na juhudi hizo ilipatikana pia Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Tangu mwaka 2019 watafiti vijana wa Kiafrika waliojikusanya chini ya jina la Masakhane wamekuwa wakishughulikia tafsiri ya lugha za bara hili kwa ushirikiano wa hiari. Lakini kwa lugha nyingi za Afrika, matini sambamba yaliyopatikana kwa urahisi yamekuwa ya Biblia na machapisho ya kidini. Mashine iliyofunzwa kwa matini hayo hujua kutubu na kusamehe kuliko inavyojua kupima shinikizo la damu au kuandika mkataba wa ardhi.

Tulinganishe jambo hili na Kanada. Mashine ya IBM ilijifunza kutokana na jasho la wafasiri ambao serikali iliwalipa miaka mingi kwa sababu nyingine kabisa, yaani haki ya raia kusoma sheria kwa lugha yake. Nchini Kenya Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza. Hata hivyo Hansard yetu hunakili kila hotuba kwa lugha iliyosemwa. Lau ingechapwa kwa lugha zote mbili tangu 1974, leo tungekuwa na hazina ya miaka hamsini ya matini sambamba ya sheria, fedha, kilimo na afya, mali ya wananchi wenyewe. Hakuna mhandisi wa ng'ambo aliyetunyima hazina hiyo.

Dosari nyingine imeonekana katika maana. Kiswahili hakibainishi jinsia katika nafsi ya tatu: alikuja ni mwanamume au mwanamke. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walichunguza lugha 12 za namna hii, Kiswahili kikiwamo, kwa kutafsiri kwa mashine sentensi zenye majina ya kazi. Waliona kwamba Kiingereza kilichotoka kilielemea mno upande wa kiume, hasa katika kazi za sayansi na uhandisi. Kiswahili kilikuwa kimenyamaza. Mashine ikakisemea, tena kwa chuki za wengine.

Kuna pia suala la jasho. Programu za mazungumzo haziwi na adabu kwa maumbile. Hufunzwa na watu wanaosoma maandishi ya matusi, mauaji na unajisi na kuyatia alama. Mnamo Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba sehemu ya kazi hiyo ilifanywa Nairobi na vijana waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, na kwamba baadhi yao walidhurika nafsi zao. Wanaouliza kama akili unde itamdhuru mwanadamu siku zijazo wanapaswa kuwahesabu na hao.

7. Heri au shari?

Sasa tunaweza kulikabili swali letu. Faida za mashine hizi si za kubuni. Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda, kwa sehemu, kwa Demis Hassabis na John Jumper, ambao programu yao ilikisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, kazi ambayo maabara zisingeimaliza kwa vizazi. Katika lugha, mtu asiyejua Kiingereza leo aweza kupata kiini cha maelezo ya dawa ambayo jana yalikuwa kiza kitupu kwake. Mwanachuoni anayezidharau faida hizi huwa anajali heshima ya taaluma yake kuliko haja ya watu.

Hatari nazo ni za kweli. Mnamo Oktoba 2017 polisi wa Israeli walimkamata mfanyakazi wa ujenzi wa Kipalestina aliyeweka kwenye Facebook picha yake kando ya tingatinga, pamoja na maneno ya Kiarabu ya kuwatakia watu asubuhi njema. Mashine iliyatafsiri kwa Kiebrania kuwa amri ya kushambulia. Gazeti la Haaretz lilieleza kwamba hakuna afisa ajuaye Kiarabu aliyeyasoma maneno yale kabla ya mtu huyo kukamatwa. Aliachiliwa baada ya saa chache. Tukilichambua tukio hili tunaona kwamba kosa la tafsiri lilikuwa dogo na la kawaida. Mfasiri yeyote huweza kukosea. Kilicholigeuza kuwa dhuluma ni kuondolewa kwa msomaji kati ya matini na pingu.

Wapo wanasayansi wanaoogopa makubwa zaidi. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mitandao ya neva na mshindi wa Nobeli ya Fizikia ya 2024, aliondoka Google mwaka 2023 ili aweze kuzitaja hatari hizo waziwazi, na Mei mwaka huo alitia sahihi, pamoja na wengine wengi, tamko lililoiweka hatari ya kutoweka kwa binadamu kutokana na akili unde katika daraja moja na maradhi ya mlipuko na vita vya nyuklia. Novemba 2023 nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikutana Bletchley Park, pale pale alipofanya kazi Turing, zikatoa azimio juu ya usalama wa mashine hizi. Kenya, Rwanda na Nigeria zilikuwamo. Historia tuliyoieleza haituruhusu kuwacheka watu hawa kwa sababu tu utabiri wa zamani ulikwenda kombo. Utabiri wa kwamba haiwezekani nao ulikwenda kombo. Lakini pia haituruhusu kuiacha hofu ya kesho ifunike dhuluma ya leo. Onyo la Wiener linaziunganisha hofu zote mbili. Mtu aliyekamatwa kwa salamu ya asubuhi na binadamu wote wanaohofiwa kuangamia wako katika hatari ya aina moja: mashine yenye kasi, iliyopewa amri isiyofikiriwa, pasipo mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kuizuia.

Msimamo wetu basi ni huu. Akili unde huwa heri mahali ambapo pana mtu awezaye kuihukumu kazi yake, na huwa shari mahali ambapo mtu huyo ameondolewa, hajafunzwa au hasikilizwi. Katika uwanja wa lugha, mtu huyo ni mwanaisimu, mfasiri na mwalimu. Kadiri mashine inavyozidi kuwa hodari, makosa yake huzidi kuwa adimu na kufichika, na kwa hiyo huhitaji msomaji hodari zaidi kuyagundua. Wanaosema kwamba idara za lugha zipunguzwe kwa sababu mashine imefika wameyapindua mambo.

8. Hitimisho

Novemba 2021, katika kikao kimoja cha Mkutano Mkuu wa UNESCO huko Paris, yalipitishwa maazimio mawili: mapendekezo juu ya maadili ya akili unde, na tangazo la 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Twayaona maazimio hayo kuwa ni kazi moja. Kenya ilizindua Mkakati wake wa Kitaifa wa Akili Unde mwaka 2025. Yatufaa tuulize kila mwaka Kiswahili na lugha nyingine za nchi zimepata nini ndani yake.

Idara zetu zina kazi nne zisizongoja fedha za ng'ambo. Ya kwanza ni kukusanya matini ya lahaja, ya vyeti vya zahanati, ya mabaraza na ya masoko, na kuyahifadhi kwa masharti tuliyoyaweka wenyewe, kwani mwacha asili ni mtumwa. Ya pili ni kudai kwamba Hansard na sheria za nchi zichapwe kwa lugha rasmi zote mbili. Ya tatu ni kumfundisha kila mwanafunzi wa tafsiri kusahihisha kazi ya mashine na kueleza, kwa istilahi za isimu, kosa limetoka wapi. Ya nne ni kusimama kidete ili mahakamani, hospitalini na kituoni mwa polisi pasitolewe uamuzi juu ya mtu kwa tafsiri ambayo hakuna binadamu aliyeisoma na kuitia sahihi yake.